Ubao wa Nyuso

Mimi nasoma nyuso. Wengine wanasoma magazeti, wengine wanasoma nyota. Mimi nipe uso wa mtu kwa sekunde mbili tu, nitakwambia amelala saa ngapi, amegombana na nani, na kama chai ya asubuhi ameinywa au ameikodolea macho mpaka ikapoa. Sijawahi kukosea. Waulize wenzangu wa dobi. Kila asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni, nawapokea mmoja mmoja kama daktari: "Wewe mkeo kakununia. Wewe umeota unakimbizwa, na wamekukamata. Wewe hiyo suruali si yako." Watu wanavunjika mbavu, siku inaanza. Ndiyo maana wakaniita Redio. Nikiwashwa sizimiki.

Dobi lenyewe usidhani ni mtu na beseni. Ni jengo refu la bati. Ukutani zimepangwa mashine za kufulia na za kukaushia, zina milango ya vioo vya duara kama macho ya samaki. Mwisho kabisa kuna meza za kukunjia, ambako watu wanakaa kwenye viti na kuhesabu foronya. Na katikati ndipo ilipo rola. Rola ni pasi kubwa, chuma cha mviringo kirefu kuliko kitanda, kinachozunguka kikiwa na moto ndani. Shuka inaingia mbichi upande huu, inatoka upande wa pili kavu, imenyooka kama karatasi. Kazi ya mlishaji ni kushika pembe. Mmoja kushoto, mmoja kulia, mnavuta ikaze, mnalisha. Halafu nyingine. Halafu nyingine. Shuka za mahoteli, shuka za hospitali, watu wanalala mji mzima na sisi tunanyoosha walipolalia.

Zamani walishaji walikuwa wanne. Wawili wanalisha, wawili wanapumzisha mabega, kisha wanapokezana. Kampuni ilipopata hoteli mpya mbili, wale wa kupokezana wakahamishiwa kwenye ukaushaji, na rola ikaongezwa kasi. Msimamizi wetu, ambaye sisi tulimwita Bwana Kasi, alilitangaza hilo kwa furaha kama anatangaza harusi.

Kushoto kwa rola nilisimama mimi. Kulia alisimama Mamdogo.

Mamdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Mama alipofariki nilikuwa darasa la sita, na Mamdogo alikuja kunichukua na begi moja, hakuuliza mtu. Yeye hakujaliwa mtoto. Akanisomesha mpaka kidato cha nne, na matokeo yalipotoka, matokeo ambayo tusiyazungumze mbele za watu, akanishika mkono hadi kwa Bwana Kasi. "Huyu ni mwanangu," akasema. "Mdomo wake usiujali, mikono yake ni mizuri." Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa hapo dobi, na hakuwahi kuandikiwa onyo hata la kuchelewa.

Basi, rola ilipoongezwa kasi watu wakaanza kukatika. Mmoja alizimia juu ya kapu la taulo, tukadhani anatania. Mwingine alijifungia chooni akalia mpaka zamu ikaisha. Wawili waliondoka kula chakula cha mchana na mpaka leo wanakula. Wakubwa wa juu wakashtuka, wakamleta afisa wa ustawi, binti mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto, ambaye kila aliyekutana naye alimwambia pole. Hata ukimwambia umepata mtoto, pole. Tukamwita Dada Pole.

Haki yake nimpe: alijitahidi. Alileta muziki saa nne. Alituletea mazoezi ya kunyoosha shingo, Bwana Kasi akiwa pembeni na saa mkononi. Aliomba chumba cha utulivu, akapewa stoo moja iliyopakwa rangi ya bluu, ikawekwa zulia na ua la plastiki. Ufunguo alikaa nao Bwana Kasi. Ukitaka kutulia unajaza fomu ueleze kwa nini hujatulia.

"Nenda, nenda utulie," Bwana Kasi alimwambia jamaa mmoja. "Dakika tano. Shuka zako zinakungoja hapa, na zenyewe hazijatulia."

Waligusa kila kitu isipokuwa kasi ya rola.

Halafu ukaja ubao. Huo ulikuwa mpango wa Dada Pole, na ulikuwa mzuri. Ubao ulitundikwa kando ya mlango, umechorwa nyuso tatu, kila uso na misumari chini yake. Uso wa kijani unacheka. Uso wa njano umenuna. Uso mwekundu unalia. Kila mtu alipewa kisahani cha plastiki chenye namba yake. Ukiingia, unakitundika chini ya uso unaofanana na wako. Saa moja na robo Dada Pole anapita na daftari lake, anaandika. Aliyejitundika kwenye nyekundu anaitwa palepale, anaongea naye, na siku hiyo hiyo anatolewa kwenye mashine na kupelekwa kwenye meza za kukunjia. Hakuna swali, hakuna adhabu.

Wakubwa wakaupenda, wakauongezea chumvi yao. Kitengo kitakachomaliza siku thelathini bila nyekundu hata moja, kikasema kikaratasi, kitapewa Jumamosi nzima ya mapumziko. Chini yake, kwa herufi za mchwa: kuhamisha kisahani cha mwenzako ni kosa la kufukuzwa.

Nani atundike nyekundu hapo, watu wote wakimtazama kama aliyeiba Jumamosi yao? Ndani ya wiki moja watu waliacha hata kuufikia ubao. Wanarusha kisahani kutoka mlangoni: "Redio, nitundikie!" Na Redio anatundika. Kijani, kijani, kijani. Jamaa amevimba macho kwa kulia, namtundika anacheka. Nilikuwa nadaka visahani kwa mkono mmoja, maana mimi pia ni kipa wa timu ya mtaa, na ile Jumamosi ya zawadi tulikuwa na mechi. Nilikuwa nimeshatamba mtaa mzima kwamba siku hiyo hakipiti kitu.

Mamdogo peke yake ndiye aliyekuwa akitundika chake kwa mkono wake. Namba kumi na saba. Taratibu, kama anayetundika nguo ya mgeni. Kijani, kila siku.

Sasa nataka nikuhesabie mambo niliyoyaona mwezi ule, mimi msoma nyuso. Niliona Mamdogo amesimama mlangoni kwetu na ufunguo mkononi, hajui ni wa nini. Nikamwambia, "Huo unaingia tunduni, Mamdogo, tunduni." Nilimwona ameosha sahani moja mara tatu. Nikamwambia itatoboka. Nilimwona amelala amekaa kwenye kochi, na mikono yake ikiwa usingizini inanyanyuka, inakamata pembe mbili za hewa, inavuta, inalisha. Hapo nilicheka mpaka nikatoka nje. Kesho yake nikawaigizia watu kazini, nikiwa nimefumba macho, nakoroma, nalisha rola. Bwana Kasi mwenyewe alicheka. Mamdogo naye akacheka, akafuta macho kwa pindo la aproni.

"Mwanangu," akasema, "wewe utaniua mimi."

Siku ya ishirini na tisa, Alhamisi, alitia chumvi kwenye chai.

"Mamdogo, hii chai au supu?"

Aliitazama ile chai muda mrefu. "Masikio yananivumia," akasema. "Tangu juzi. Kama rola imeingia humu ndani."

"Basi itakukaushia masikio," nikasema. "Kunywa maji."

Tukatembea hadi kazini bila maneno, yaani yeye bila maneno, mimi nilikuwa na ya watu wawili. Mlangoni nikashika nafasi yangu, nikapokea wagonjwa wangu, nikadaka visahani. Mamdogo alipita, akatundika chake, akaenda kufunga aproni mbele ya mashine za kukaushia, amenipa mgongo.

Watu walipokwisha nikageuka kuutazama ubao wangu, kama mkulima anavyotazama shamba. Kijani yote. Isipokuwa kisahani kimoja, peke yake, chini ya uso unaolia.

Kumi na saba.

Nitakwambia nilichojiambia. Nilijiambia amekosea. Macho yake si mazuri, bila miwani hawezi kutofautisha nyekundu na kijani, mtu aliyetia chumvi kwenye chai atashindwaje kukosea msumari? Nilijiambia hivyo kwa haraka sana, kwa sababu nilimsikia Dada Pole anakuja koridoni akisema pole kwa mlinzi. Nikanyoosha mkono. Kisahani kilikuwa chepesi. Nikakitundika kwenye kicheko, pamoja na wengine.

Dada Pole akaandika, akatabasamu. "Hongereni kitengo cha rola. Kesho mnamaliza." Akapita hadi kwa Mamdogo. "Shikamoo, mama. Mzima?"

Mamdogo alikaza fundo la aproni kwanza. "Marahaba," akasema. "Mzima."

Unaona? Nikajisemea. Mzima.

Saa tano kasoro nilikuwa katikati ya hadithi. Nilikuwa namsimulia Mamdogo jinsi nitakavyodaka penalti, na mikono yangu inayotakiwa kushika pembe ya shuka inashika mpira. Pembe yangu ikalegea. Shuka ikaingia imekunjamana. Mamdogo, ambaye kwa miaka yote hiyo hajatoa shuka imekunjamana, akainama kuinyoosha, kama alivyokuwa akinifunikia makosa yangu kila siku. Siku nyingine mkono wake ulikuwa unaingia na kutoka kabla sijapepesa. Siku hiyo uliingia ukakaa. Kama mtu aliyeweka mkono mezani akiwaza jambo.

Nilipiga kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Nilipiga kwa kichwa, kwa mikono, sijui. Hakupiga kelele. Watu wote walipiga kelele isipokuwa yeye. Aliniangalia usoni na kusema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi:

"Imekunjamana."

Hospitali walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilivyobaki vilikuwa vimeungua, hawakuahidi kitu. Nilipoingia wodini nilimkuta macho yake yapo juu, mkono wa kushoto unapapasa shuka aliyolalia. Pembeni ilikuwa na alama ya dobi letu, ule uzi wa bluu.

"Hii imepita kwetu," akasema. "Pembe ya kushoto haikuvutwa vizuri."

"Mamdogo, na wewe."

"Nakutania. Wewe tu ndiye wa kutania?"

Nikacheka. Nilicheka hadi nesi akanitoa nje, na nje sikuwa nacheka tena.

Jumamosi yetu ya mapumziko tulipewa. Mechi sikwenda.

Mamdogo alikuwa na neno moja tu, na alilirudia kila nilipokwenda: "Watanipeleka mezani. Kuhesabu foronya mkono mmoja unatosha. Waambie nahesabu haraka." Hakuwa na wazo jingine. Alikuwa anafanya mazoezi kitandani, anahesabu mito ya wagonjwa wenzake kwa kidole cha kushoto. Alijua kuwa kampuni humhamisha aliyeumia kwa sababu ya kazi, na humwondoa aliyeumia kwa uzembe wake. Jambo lote likabaki pale: kazi, au uzembe?

Wiki mbili baadaye nikaitwa ofisini. Alikuwepo Bwana Kasi, alikuwepo mkubwa mmoja wa juu mwenye koti, na Dada Pole na daftari lake mapajani.

"Tumepitia kumbukumbu," akasema mwenye koti. "Namba kumi na saba. Siku ishirini na nane, anacheka. Siku ya ajali, anacheka. Tulimpa nafasi ya kusema kila asubuhi. Kila asubuhi, bwana mdogo. Hakusema."

"Rola ilikuwa kasi," nikasema.

"Ilikuwa kasi kwa wote," akasema Bwana Kasi. "Wewe mbona una vidole?"

Dada Pole ndiye aliyenigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, wiki mbili nzima nadhani hakulala. "Wewe ulikuwa naye nyumbani, ulikuwa naye kwenye rola, na mlangoni huwa unasimama wewe. Nataka nijue jambo moja tu. Asubuhi ile alikuwaje? Ubao ulisema kweli?"

Ukutani nyuma yake kulikuwa na kile kikaratasi, nakala yake, pamoja na zile herufi za mchwa. Nikazisoma zote. Niliwaza kodi ya nyumba, niliwaza tukimwaga unga mimi na yeye siku moja, lakini nisikudanganye, nilichowaza kwanza ni aibu. Kwamba watu wa dobi watajua.

"Alikuwa kawaida yake," nikasema. "Tulikuwa tunacheka."

Dada Pole akaandika. Kalamu yake ilichukua muda mrefu kwa maneno machache kama yale.

"Pole," akaniambia nilipokuwa natoka.

Siku iliyofuata Mamdogo aliruhusiwa kwenda nyumbani, na siku mbili baadaye Bwana Kasi akanipa bahasha nimpelekee. Haikugundishwa. Uzembe, ilisema, kwa kizungumkuti cha maneno kumi na mawili. Nikazunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia.

Alikuwa amekaa jikoni, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto, amekibana kiazi kati ya magoti. Kiazi kimekuwa kidogo kama karanga.

"Wamesemaje?"

Niliweka bahasha mezani kifudifudi. "Mamdogo, nimekutetea. Usione hivi. Niliwawakia! Niliwaambia huo ubao wenu ni upuuzi, kisahani kinaanguka, mtu anakiokota anakitundika popote. Niliwaambia Mamdogo alikuwa mgonjwa, masikio yanamvumia. Bwana Kasi alitaka kunipiga. Yule wa koti akaniambia nitoke. Nimepigana, Mamdogo, lakini wale watu hawana roho."

Nilisema vizuri sana. Mikono nilirusha, sauti nilipandisha. Yeye aliendelea na kiazi chake mpaka nikamaliza.

"Dada Pole alikuja hapa jana," akasema.

Redio ikazimika.

"Alikaa hapo ulipokaa. Alinisomea ulichosema. Kisha akaniuliza, mama, nieleze mwenyewe, siku ile ulikitundika wapi? Alikuwa anataka sana nimwambie nyekundu. Kalamu ilikuwa tayari."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kijani." Alikiweka kisu chini. "Nyumba hii sasa ina mikono mitatu. Ningekutaja, ingebaki mmoja."

"Mamdogo, mimi nilidhani umekosea. Wallahi. Hukuwa na miwani..."

"Miwani ilikuwa hapa, na niliivaa." Akagusa kifua, pale inaponing'inia kwa kamba, pale iliponing'inia miaka yote. "Nilikuwa nafunga aproni mbele ya mashine ya kukaushia. Mlango wake ni kioo, mwanangu. Nilikuona ndani yake. Nilikuona unakitazama, nikakuona unageuka kumtegea sikio yule binti, nikakuona unakihamisha."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

"Kwa nini hukukirudisha?" Sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Kwa nini hukumwambia, alipokuuliza mzima?"

Mamdogo alifikiri. Hakuwa na hasira, na ndilo lililonimaliza.

"Wewe ndiye unayejua kusoma nyuso," akasema. "Kila mtu anasema. Nilipoona umeutazama wangu ukaupeleka kwenye kicheko, nikasema basi, labda mimi ni mzima. Labda nadeka tu."

Alinisogezea bakuli la viazi, nimalizie. Kisha akainua uso wake, akauweka mbele yangu, karibu, kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya," akasema. "Nisome."